Klondike ilishagawanywa kabla ya safari kuanza

Tarehe 17 Julai 1897 meli ya Portland ilitia nanga Seattle, pwani ya magharibi ya Marekani, ikashusha wachimbaji waliotoka mto Klondike, huko Yukon, kaskazini-magharibi ya Kanada. Magazeti yakatangaza kwamba ndani yake mna tani nzima ya dhahabu. Siku mbili kabla, Excelsior ilikuwa imefika San Francisco na habari hizohizo. Makondakta wa tramu za Seattle wakaacha kazi, na meya wa mji naye akajiuzulu ili aifuate dhahabu. Inakadiriwa kuwa watu 100,000 walianza safari. Kati ya 30,000 na 40,000 walifika mji wa Dawson, kama 4,000 wakapata dhahabu, na waliotajirika walikuwa mamia tu.

Wanaosimulia habari hii hupenda kuimaliza kwa neno bahati: wachache walikuwa nayo, wengi hawakuwa nayo. Sikubaliani nao. Mtu wa kawaida aliyekwenda Klondike alishindwa na mambo matatu yanayohesabika, yaani tarehe, uzito na sheria ya vitalu, na yote matatu yalikuwa yamekwisha kuamuliwa siku aliponunua tiketi.

Tuanze na tarehe. Dhahabu ilionekana tarehe 16 Agosti 1896 katika kijito kilichokuja kuitwa Bonanza. Walioiona walikuwa Keish, mtu wa jamii ya Watagish aliyejulikana pia kama Skookum Jim, mpwa wake Káa Goox, na shemeji yake George Carmack, Mzungu kutoka California. Kitalu cha ugunduzi kiliandikishwa kwa jina la Carmack, kwa kuwa ilihofiwa kwamba ofisi isingemtambua mwenyeji kuwa mgunduzi. Mwisho wa mwezi uleule Bonanza yote ilikuwa imewekewa vigingi, na kijito cha Eldorado kinachomwaga maji yake humo kilifuata upesi. Waliogawana vitalu hivyo ni wachimbaji waliokuwa tayari wanaishi Yukon, hasa katika kambi ya Fortymile na, baridi ilipoanza, wale waliotoka Circle, upande wa Alaska. Mto ukaganda, habari zikabaki kaskazini. Zilipofika Seattle ilikuwa imepita miezi kumi na moja. Wahenga walisema chelewa chelewa utakuta mwana si wako, lakini hawa hawakuchelewa kwa uzembe. Hata yule aliyepanda meli siku ileile alikuwa nyuma kwa mwaka mzima, na kwa kuwa mito inaganda tena Oktoba, wengi wao walifika Juni 1898, miezi ishirini na miwili baada ya ugunduzi.

Kitalu kilikuwa na urefu wa futi 500, yaani mita 150 hivi kufuata kijito, na upana kutoka upande mmoja wa bonde hadi mwingine. Baadaye serikali ilipunguza urefu wa vitalu vipya hadi futi 250. Mchimbaji alisimamisha vigingi, akaenda kuandikisha kwa dola 15, kwa kawaida ndani ya siku tatu, na kitalu kimoja tu kwa mtu katika wilaya nzima. Mpimaji wa serikali, William Ogilvie, alipopita na mnyororo wake wa kupimia kumaliza ugomvi wa mipaka, aliona vitalu kadhaa vimezidi kipimo. Kila kipande kilichozidi kikawa wazi kwa yeyote. Dick Lowe, mmoja wa wasaidizi wake wa upimaji, alichukua kipande cha futi 86 kwenye Bonanza, karibu na pale Eldorado inapoingia, baada ya kusitasita kwa kuwa kilikuwa chembamba mno. Kipande hicho cha mita 26 kilitoa dhahabu ya thamani ya kama dola nusu milioni. Huo ndio mfano unaotajwa sana kuthibitisha bahati. Mimi naona unathibitisha kinyume chake: Lowe alikuwa mahali pale, na mnyororo mkononi, miezi kadhaa kabla dunia haijasikia neno Klondike.

Sasa uzito, na hapa ndipo maisha ya watu hawa yalipolala hasa. Mtu akiulizwa mwaka ule alifanya nini Klondike, jibu la kweli kwa walio wengi lingekuwa: nilibeba mizigo. Polisi wa Kanada waliokaa kwenye mipaka ya mlimani walidai kila anayeingia awe na chakula cha mwaka mzima. Pamoja na zana, hema na nguo, mzigo ulifika karibu tani moja. Orodha moja iliyochapishwa sana wakati huo ilimpa kila mtu kilo 180 za unga wa ngano, kilo 68 za nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa chumvi, kilo 57 za maharage, kilo 34 za matunda makavu, na chini ya kilo moja ya vitunguu vilivyokaushwa. Juu ya hapo kulikuwa na jiko la bati, karai la kuoshea dhahabu, sururu, sepetu, msumeno mkubwa wa kupasulia mbao, misumari, lami na kalafati za kuzibia nyufa za mashua. Kununua tu vyote hivi kuligharimu kama dola 500, na nauli bado. Kumbuka kwamba Marekani ilikuwa bado imeelemewa na mdororo wa uchumi ulioanza 1893. Kibarua wa mjini alikuwa akipata chini ya dola 2 kwa siku. Wengi waliuza walichokuwa nacho au walichangiwa na ndugu. Kuwaita watu hawa walafi wa dhahabu ni kuwaonea.

Njia ya maskini ilianzia Dyea, bandari ya Alaska, ikapanda mlima wa Chilkoot na kushukia maziwa ya Lindeman na Bennett, kilomita 53 kwa jumla. Tani moja haibebeki kwa safari moja. Mtu aliigawa mafungu ya kilo 23 hadi 30, akabeba fungu moja mbele kilomita chache, akalifukia au kulifunika, akarudi mikono mitupu kuchukua la pili. Kwa hesabu hiyo ilihitajika mizunguko 30 au zaidi, na jumla ya mwendo ikawa kilomita 4,000, nusu yake bila mzigo. Hata mwenye sleji na nguvu alihitaji kama siku 90 kufikisha vyote Bennett. Mteremko wa mwisho kabla ya kilele ulichongwa ngazi 1,500 kwenye barafu, na waliozichonga walitoza ushuru wa kupita. Watu walipanda katika mstari mmoja, kila mmoja akikanyaga alipokanyaga wa mbele. Aliyetoka pembeni kupumua aliweza kusubiri muda mrefu kupata nafasi ya kurudi mstarini. Kosa la wageni lilikuwa kuvaa mavazi mazito kwa kuogopa baridi: jasho liliyalowanisha wakati wa kupanda, kisha yaliganda mwilini kileleni. Kileleni penyewe theluji ilifunika marundo ya mizigo, na asiyesimika mti mrefu wenye alama kando ya mali yake alichimba siku nzima kuitafuta.

Kwa mwenye fedha mambo yalikuwa mengine. Wapagazi wa Kitlingit, ambao jamii yao ilikuwa imeishika njia hii kwa biashara tangu zamani, waliijua kuliko mtu yeyote, na malipo ya upagazi yalipanda mpaka wakati mwingine yakafika dola 1 kwa kila ratili. Walijadiliana bei kwa ustadi, na walistahili. Tarehe 3 Aprili 1898, baada ya siku za theluji nzito na joto la ghafla, walikataa kupanda. Wageni waliopanda siku hiyo walikutwa na poromoko la theluji lililoua watu zaidi ya 60. Waliokuwa na haraka ya kufidia mwaka uliopotea hawakuwa na masikio ya kuwasikiliza wenyeji.

Njia ya pili, White Pass kutokea bandari jirani ya Skagway, ilikuwa chini kidogo na ilitangazwa kuwa inafaa kwa farasi. Farasi wapatao 3,000 walikufa humo. Wafanyabiashara wa bandarini waliwauzia watu wanyama wazee na wagonjwa, wanunuzi hawakuwahi kufunga mzigo mgongoni mwa mnyama, kamba zikawachubua, majani ya kulisha hayakuwepo, na mvua ya vuli 1897 iligeuza njia kuwa tope lililojaa mawe makali. Farasi aliyevunjika mguu aliachwa, na waliofuata walimkanyaga. Wale waliochagua kupita baharini mpaka mdomo wa mto Yukon, njia ya wenye pesa, walikwama pia: kati ya 1,800 hivi waliojaribu vuli hiyo, 43 tu ndio walifika kabla ya barafu, na wengi wa hao iliwabidi warudi kwa kuwa walikuwa wametupa mizigo yao njiani.

Kuhusu amri ya chakula cha mwaka, maoni yamegawanyika. Wapo wanaosema polisi waliwatesa maskini. Mimi nawaunga mkono polisi kwa sehemu kubwa. Majira ya baridi ya 1897 Dawson ilikaribia njaa, na wenye mamlaka waliwahimiza wasio na akiba waondoke kabla mto haujafunga kabisa. Bila amri ile, maelfu wangekufa mwaka uliofuata. Lakini ni kweli pia kwamba forodha ilikaa palepale kileleni, ikitoza ushuru kwa bidhaa zilizonunuliwa Marekani, na aliyetumia senti yake ya mwisho Seattle alijikuta akiuza sehemu ya chakula alichoamriwa kukibeba.

Bennett walipiga mahema, wakangoja barafu iyeyuke. Huko kazi ilikuwa kupasua mbao. Gogo la msonobari lilipandishwa juu ya ulingo, likapigwa mstari, mmoja akasimama juu na mwenzake chini. Msumeno hukata unaposhuka. Wa juu huunyanyua na kuuongoza kwenye mstari, wa chini huuvuta na kumwagiwa maranda machoni, na kila mmoja huamini kwamba mwenzake ananing'inia tu. Ushirika mwingi uliokuwa umehimili Chilkoot ulivunjika kwenye ulingo huu, na wapo waliogawana mpaka mashua yenyewe kwa kuikata katikati. Mti ulikuwa mbichi, kwa hiyo mbao zilipokauka zilijikunja na kuacha nafasi. Asiyetia kalafati na lami ipasavyo aliukuta unga wake umelowa kabla ya siku ya pili. Barafu ilifunguka tarehe 29 Mei 1898, na mashua zaidi ya 7,000 zikaondoka zikiwa na safari ya kilomita 800 hivi hadi Dawson. Kwenye korongo la Miles na maporomoko ya White Horse mashua kama 150 zilivunjika siku za mwanzo, na watu kadhaa wakafa maji. Msimamizi wa polisi, Sam Steele, akaamuru wanawake na watoto wapite kwa miguu, kila chombo kikaguliwe, na usukani ushikwe na nahodha anayejua. Vifo vikapungua sana. Ni moja ya maamuzi machache ya serikali katika habari hii yaliyomfaa mtu wa kawaida moja kwa moja.

Ndipo wakafika Dawson, wakakuta vijito vyote vyenye sifa vina wenyewe.

Hata hivyo tuchukulie kwamba mmoja amepata kitalu. Dhahabu ya Klondike haikuwa juu juu. Ilikaa kwenye changarawe za mito ya kale, karibu na mwamba, mita 3 hadi 9 au zaidi chini, na udongo wote huo umeganda mwaka mzima. Kuchimba wakati wa kiangazi kulileta maji shimoni, kwa hiyo kazi ya chini ilifanywa majira ya baridi. Jioni mliwasha moto wa kuni chini ya shimo, ukawaka usiku kucha, na asubuhi ulikuwa umeyeyusha kama sentimita 35 tu. Mkaondoa majivu na udongo uliolainika, mkawasha tena. Mwamba ukiwa mita 6 chini, hesabu ni mioto 17 au zaidi, na shimo likikosa tabaka lenye dhahabu kwa mita mbili, unaanza jingine. Barafu ilikuwa na faida moja: kuta zilijishikilia zenyewe, matimba hayakuhitajika. Hatari ilikuwa hewa. Moto ule uliacha gesi yenye sumu isiyo na harufu, na aliyeshuka mapema mno alizimia chini wakati mwenzake wa juu, kwenye gogo la kuzungushia kamba ya ndoo, hajui kinachoendelea.

Walipofika mwambani walichimba kando kufuata tabaka, kila mara kwa moto. Mara kwa mara walichukua karai moja la changarawe, wakaliosha ndani ya kibanda kwa maji ya barafu iliyoyeyushwa. Kabla ya Klondike, karai la senti 10 lilihesabiwa kuwa zuri Yukon nzima, na kwa bei ya dola 16 kwa wakia hiyo ni chini ya robo gramu. Karai hata hivyo linadanganya, kwa sababu mtu huchagua udongo anaoutamani. Malipo ya kweli yalijulikana Mei na Juni, maji yalipopatikana. Kifusi kilichorundikwa baridi yote kilimwagwa kwenye masanduku marefu ya mbao yaliyounganishwa kama mfereji, yenye vipingo sakafuni vya kunasa dhahabu. Mwinamo ukizidi, maji huchukua dhahabu laini na kwenda nayo. Ukipungua, changarawe huziba vipingo na dhahabu hupita juu yake. Kijito kikikauka Julai, kifusi kilichobaki kinangoja mwaka ujao.

Sasa gharama. Kuni za kuyeyushia ardhi zilikuwa dola 1,500 kwa kitalu, bwawa dola 1,000, mifereji ya kuleta maji dola 1,500, masanduku hadi dola 600. Jumla dola 4,600, kabla ya mrabaha wa serikali wa asilimia 10 au zaidi juu ya dhahabu iliyotoka. Aliyekuja na mzigo wa dola 500 hakuwa mchimbaji kwa hesabu hiyo, hata angepewa kitalu bure.

Upenyo mmoja ulikuwepo. Wachimbaji wazoefu waliamini dhahabu hukaa chini ya bonde tu, na wageni wasiojua waliochimba kwenye mabega ya vilima juu ya Bonanza na Eldorado waliangukia changarawe nyeupe za mto wa kale zenye utajiri mkubwa. Vitalu vya vilimani vilikuwa mraba wa futi 100 tu, na wakati mafuriko ya watu yanafika 1898, sehemu bora huko nako zilikuwa zimeshikwa.

Waliobaki walifanya kazi za mishahara. Mwaka 1897 kibarua wa kitalu alipata kama dola 15 kwa siku, fedha iliyosikika kubwa mno kwao nyumbani, lakini bei za Dawson ziliila, na watu walipozidi ujira ukashuka. Wengine walichukua sehemu ya kitalu cha mtu kwa kugawana nusu kwa nusu. Mkataba huo ulimpendelea mwenye kitalu: alipata udongo wake uchimbwe bila kutoa mshahara, na mchimbaji alijua Juni kama miezi minane ya moshi imemlipa. Ningekuwa na nafasi ya kumshauri mtu wa 1898, ningemwambia achukue mshahara.

Au auze kitu. Belinda Mulrooney alifika 1897 na vitambaa na chupa za mpira za maji ya moto, akaviuza kwa faida kubwa, akafungua mkahawa, kisha hoteli pale Bonanza na Eldorado zinapokutana, kisha hoteli ya Fairview mjini Dawson. Wanawake wengi ambao majina yao hayakuandikwa walifua, walioka mikate, walishona. Shaaw Tláa, dada yake Keish na mke wa Carmack, alishona mavazi ya baridi na kuyauza kwa wachimbaji. Carmack alimwacha miaka michache baadaye, na utajiri haukumfuata.

Afya iliharibiwa na mambo mawili. Kiseyeye kilitokana na chakula kilekile cha orodha: unga, maharage na nyama ya chumvi mwezi baada ya mwezi, pasipo kitu kibichi. Fizi zilivimba, meno yakalegea, miguu ikaota madoa na kukataa kutembea. Wenyeji waliishi katika baridi ileile bila janga hilo, kwa nyama na samaki wabichi, matunda ya porini na maji yaliyochemshwa na majani ya msonobari. Dawson yenyewe ilijengwa kwenye tambarare ya kinamasi, vyoo na maji ya kunywa vikachanganyika, na kiangazi cha 1898 homa ya matumbo ikajaza hospitali.

Wa kwanza kulipa gharama hizi, hata hivyo, ni Watr'ondëk Hwëch'in, wenyeji wa eneo hilo. Kambi yao ya kuvua samaki, Tr'ochëk, ilikuwa mdomoni mwa Klondike, mahali ambapo wageni walipataka. Miti ilikatwa kwa ajili ya ile mioto, wanyama wakafukuzwa, samaki wakapungua. Kiongozi wao, Chifu Isaac, aliwahamishia Moosehide, kilomita chache mtoni kwenda chini, ili kuwaepusha na pombe na maradhi ya mji. Makadirio yote ya waliopata na waliokosa huhesabu waliokuja, na watu hawa hawamo upande wowote.

Kama kuna anayedhani bado kwamba tofauti ilikuwa bahati, aangalie Nome. Agosti 1899 watu 8,000 waliondoka Dawson kwa wiki moja tu kwenda pwani hiyo ya Alaska, ambako dhahabu ilikutwa ndani ya mchanga wa ufukweni. Ufuko ule haukugawanywa vitalu, mchanga haukuhitaji kuyeyushwa kwa moto wa usiku kucha, na meli zilishusha chakula palepale, hakuna mlima. Watu walewale waliokuwa wameitwa wasio na bahati walifanya kazi wawili wawili kwa sepetu, ndoo na sanduku la kutikisa, wakatoa zaidi ya dola milioni moja kiangazi hicho. Habari zikafika Seattle. Mwaka 1900 maelfu wengine wakashuka Nome, na sehemu kubwa ya ufuko ilikuwa imekwisha kuoshwa, huku vitalu vyenye utajiri vya bara vikiwa vimewekwa mikononi mwa mwanasiasa Alexander McKenzie kwa amri ya jaji Arthur Noyes, aliyeshirikiana naye kuvipora.